Pampu Yenye Vifungo Saba

Kufikia saa nane mchana, Thelma Stobart alikuwa ameshaulizwa mara kumi na moja kama yuko salama. Alikuwa anahesabu. Wa kwanza alikuwa padri, wa pili mke wa padri, na wa kumi na moja alikuwa bwana mmoja wa zile nyumba mpya za kule barabarani, ambaye hata jina lake hakulijua, aliyeinama mbele ya meza yake na kumsemesha taratibu, neno moja moja, kama anayesema na mtoto aliyepotea. "Uko sawa hapo, mama? Husikii baridi?" Ilikuwa Agosti, katikati ya majira ya joto. Jua lilikuwa linawaka juu ya ukumbi wa kijiji cha Marlcombe kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, na Thelma alikuwa amevaa sweta kwa sababu tu ya mfuko wake, ambamo huweka kalamu nyekundu.

"Niko sawa," alimjibu. "Lete karatasi yako."

Jumatatu ya mapumziko, mwisho wa Agosti, ndiyo siku ya msako wa hazina. Saa nne asubuhi watu huchukua karatasi yenye mafumbo ishirini, kila fumbo mistari miwili yenye vina, wakazunguka kijiji kwa miguu wakisoma kuta na milango na makaburi, wakihesabu hiki na kutafuta kile, kisha wakarudi ukumbini kusahihishiwa na kunywa chai. Hazina yenyewe ni keki ya zabibu kavu ambayo Thelma huioka mwezi Juni na kuinywesha brandi kila Jumapili. Kuna watu wazima na akili zao walionuniana mwaka mzima kwa sababu ya keki hiyo.

Mwaka huu keki haikumshughulisha. Thelma alikuwa anaipigania karatasi.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha kamati mwezi Aprili. Desmond Larkham, mwenyekiti, alikohoa mara tatu, akapanga kalamu zake, akasema ipo kampuni huko mjini inayotengeneza misako ya kwenye simu. Unatembea, simu inalia, unabonyeza jibu, basi. Hakuna karatasi, hakuna vina, hakuna wa kusahihisha.

"Hakuna anayelalamika, Thelma," alisema. "Ni kwenda na wakati tu. Na wewe upumzike."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Hakuna. Hakuna kabisa."

"Basi nionyesheni kosa. Moja tu, katika karatasi zangu zote za miaka thelathini na moja. Nionyesheni, nami nitaondoka kimya kimya."

Watu kumi na wawili walitazama vikombe vyao. Pauline Tizard, rafiki yake wa miaka arobaini, alitazama nje ya dirisha, na nje ya dirisha hakukuwa na kitu. Thelma alipoona wamenyamaza akajua amewashika. Akasema wakubaliane pale pale: mwaka huu likionekana kosa hata moja, wachukue simu zao, lisipoonekana, asisikie tena habari hiyo hadi afe. Wakakubali wote. Marlcombe mtu akikuuliza jambo uso kwa uso unakubali. Kukataa ni kazi ya baadaye, huko nyuma ya mlango, tena kwa barua.

Ili uelewe kwa nini alikaza shingo hivyo, lazima ujue kwamba Thelma si mzaliwa wa Marlcombe. Alizaliwa Nether Wick, maili tano tu, ng'ambo ya kilima, akaletwa na ndoa akiwa na miaka ishirini na mbili. Sasa ana sabini na tano. Ukidhani miaka hamsini na mitatu inatosha kumfanya mtu mwenyeji, basi wewe nawe ni mgeni. Alipika chakula cha mchana cha shule kwa miaka ishirini na sita, mpaka shule ikafungwa. Nusu ya watu wazima wa kijiji wamelishwa kwa mkono wake. Alizaa watoto wawili hapo, akamzika mume hapo. Bado Desmond Larkham, ambaye ukoo wake umejaza safu tatu nzima za makaburi, hakosi kumtania kila Krismasi: "Kwa mgeni, Thelma, umekaa sana."

Mwaka wake wa kwanza alikuwa hajui kona wala kichochoro, na wanawake wa chama cha akina mama walikuwa wakimwelekeza njia kwa kutaja watu waliokufa. Geuka kwa marehemu fulani, utaona kwa marehemu mwingine. Walimcheka alipopotea. Basi akafunga kibwebwe. Kila alasiri alimtia mtoto kwenye kigari, akatoka kusoma kuta. Alisoma tarehe zilizochongwa juu ya milango, majina kwenye kengele, alama za waashi kwenye nguzo za kanisa. Alijua birika la kunyweshea farasi liliwekwa na nani na kwa nini lina ufa. Alipofikia umri wa miaka arobaini, wazaliwa wenyewe wakawa wanamwendea kumuuliza habari za nyumba zao. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akitunga msako alipofariki, kamati haikuwa na pa kukimbilia. Hivyo ndivyo Thelma alivyopata Marlcombe yake, kwa macho na kwa miguu, na hakuwa tayari kuikabidhi kwa kampuni.

Kuna jambo moja ambalo hakuiambia kamati. Zamani kila Julai yeye na mumewe, Reg, walikuwa wakiizunguka njia yote kwa pamoja, yeye na daftari, Reg na mwavuli, wakihakikisha kila jibu liko pale pale. Reg alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka ule ule nyonga ya kushoto ikamgomea Thelma, na kile kilima cha kanisani kikawa hakipandiki. Tangu hapo matembezi yake huishia ukumbini, na anatunga jikoni, kwa kichwa. Na kwa nini asitunge kwa kichwa? Katika kijiji ambacho ukitaka kubadilisha rangi ya mlango wako lazima uombe kibali, na kibali kinachukua miezi minane, ni kitu gani kingebadilika?

Na ushahidi ulikuwa pale mezani. Karatasi thelathini na saba zilikuwa zimesharudi, na zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa na ishirini kwa ishirini. Padri alipata zote, huyo padri ambaye miaka tisa mfululizo alishindwa kumwona bundi aliyechongwa kwenye kiti cha kanisa lake mwenyewe. Familia ya Larkham walipata zote. Pauline alipata zote bila hata kuonekana akitoka kwenye birika la chai. Desmond alipokuja kuchukua karatasi yake, Thelma hakuweza kujizuia.

"Ishirini, Desmond. Hakuna kosa."

"Nimeona."

"Nasema karatasi haina kosa."

"Nimekusikia, Thelma," alisema Desmond, akaondoka na uso wa mtu aliyemeza kijiko. Thelma alimtazama akienda na moyo ukamjaa. Amewashinda. Alijisikia kupiga vigelegele, jambo ambalo halijawahi kufanyika ndani ya ukumbi ule.

Ndipo Bi Sood akaingia.

Bi Sood alikuwa na miezi mitano tu kijijini. Binti yake, Nirmala, ni daktari wa mifugo, amepanga ile nyumba iliyokuwa ya mhunzi, na amemleta mama yake kutoka Leicester akae naye. Huyo mama alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha soksi huko Leicester, mkaguzi: soksi zilikuwa zikipita mbele yake, naye anatoa zilizotoboka. Alikuwa mfupi, amevaa viatu vya mazoezi na skafu ya manjano, na aliiweka karatasi mezani kwa kishindo.

"Wewe ndiye mwenye karatasi hii?"

"Ndiyo mimi."

"Ina matatizo."

Binti yake nyuma alifumba macho. "Mama, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali. Nimepanda kilima kwa ajili ya karatasi hii." Bi Sood akaweka kidole kwenye fumbo la saba, akalisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukamsikia:

"Nina mdomo ila sili, nalia nikivutwa mkono;
vifungo kifuani vingapi? Hesabu kwa macho, si kwa maneno."

"Pampu ya maji," alisema Thelma. "Iko uwanjani, mbele ya Baa ya Jembe."

"Haipo."

"Samahani?"

"Haipo. Pana shimo, na shimo limewekwa maua. Nimeyahesabu maua, kama unataka idadi."

Thelma alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea wageni. "Mama, mmepita njia nyingine. Ni pampu ya chuma, nyeusi, ina vifungo saba. Ipo pale tangu kabla babu yangu hajazaliwa."

"Na mimi nakwambia haipo pale leo."

"Wenzako thelathini na saba wameiona!" Thelma akampa rundo zima. "Hebu soma. Saba, saba, saba. Hata padri ameandika saba."

Bi Sood alipekua karatasi moja moja bila haraka. Alipomaliza akamtazama binti yake, kisha akamtazama Thelma, na safari hii hakuonekana kukasirika. "Basi kijiji chenu kina macho ya ajabu," alisema polepole.

Jambo lililomshtua Thelma ni ukimya. Ukumbi ulikuwa na watu sitini na keki za aina nane, lakini hakusikika hata kijiko. Thelma aligeuza shingo kuelekea kwenye birika la chai.

"Pauline. Pampu ipo?"

Pauline alikuwa anamimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Chai ikaingia kwenye kisahani, ikatoka kwenye kisahani, ikaenda mezani. "Ilikuwepo, mpenzi," alisema.

"Sikukuuliza ilikuwepo."

"Iliondolewa kufanyiwa matengenezo."

"Lini?"

"Si muda mrefu. Miaka mitatu. Mitatu na nusu."

Thelma alishika ukingo wa meza. Aliuliza kuhusu kibao cha Baa ya Jembe, chenye farasi watatu. Upepo ulikivunja, alijibu mtu, kipya kina farasi wawili, mchoraji alikuwa ghali. Saa ya jua ya ukutani? Iliibwa. Jiwe la maili? Lori lililigonga. Mlango wa buluu kwenye nyumba ya daktari? Kijani, tangu mwaka juzi, na kibali walipata. Tarehe juu ya dirisha la ofisi ya posta ya zamani? Mmea unaotambaa umeifunika yote. Sasa walimjibu kwa zamu kutoka kila pembe ya ukumbi, kwa upole, kwa huzuni, kama watu wanaotaja marehemu wao. Sita. Mambo sita kati ya ishirini, na kila mtu alikuwa ameandika jibu analolitaka Thelma.

"Mlijuaje nilichotaka?" aliuliza.

Pauline akaanza kulia kidogo. Kwenye droo ya jikoni ya ukumbi, chini ya vitambaa vya vyombo, kulikuwa na orodha. Aliiandika yeye, mwaka wa kwanza, ili kusaidia. Mtu akifika kwenye kitu ambacho hakipo alikuwa anapita jikoni kuichungulia. Wageni wa nje Pauline alikuwa anawawahi mlangoni na kuwanong'oneza. Leo Bi Sood alimpita kwa sababu Pauline alikwenda kuleta maziwa.

"Miaka minne," alisema Thelma.

"Minne," alisema Pauline. "Hatukutaka uumie, shoga yangu. Ilikuwa ndiyo kwanza umempoteza Reg."

Thelma aliona aibu ya moto. Aliona miaka minne ya kujivuna pale mezani na kalamu yake nyekundu, akiweka alama ya vema kwenye majibu yake mwenyewe. Walimvisha kilemba cha ukoka, kijiji kizima, naye akakivaa na kujitazama kwenye kioo. Halafu aibu ikapisha hasira, na hasira ilikuwa afadhali, kwa sababu hasira ilikuwa na mtu wa kumwendea.

"Desmond Larkham! Njoo hapa."

Desmond alikuja. Mtu wa miaka sabini na moja, mwenyekiti wa kamati, mwenye safu tatu za makaburi, alikuja akiwa ameshika sahani ya keki ya karoti kifuani.

"Umeandika saba."

"Vimekuwa saba siku zote, Thelma. Tangu enzi za babu."

"Ulihesabu nini leo? Hewa?"

"Sikupenda—"

"Ngoja. Ngoja kwanza." Kuna kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwake. "Kikao cha Aprili. Simu. Ile kampuni. Uliileta kwa sababu ulijua karatasi ina makosa."

Desmond aliitazama keki yake. "Tulifikiri ingekuwa njia ya upole."

"Ya upole! Ungeweza kupita nyumbani kwangu. Nakaa hatua arobaini kutoka kwako! Unapita na mbwa wako mara mbili kwa siku! Ungebisha hodi ukasema, Thelma, pampu imeondolewa. Maneno matatu, Desmond! Badala yake unaunda kikao, unaita kampuni nzima kutoka mjini, unataka kufuta msako wa watu, yote hayo ili usiniambie maneno matatu?"

"Si rahisi kama unavyosema," alisema Desmond, na ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwake lilikuwa jambo gumu kuliko kuita kampuni.

Bi Sood alikuwa bado amesimama pale pale. Akagonga karatasi yake chini kabisa, penye maandishi madogo. "Hapa umeandika, jibu sahihi ni lile unaloliona. Ni wewe umeandika, au nalo limeibwa?"

"Ni mimi," alisema Thelma.

Akavuta rundo, akachomoa kalamu, akaanza upya. Hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Karatasi thelathini na nane, moja baada ya nyingine, akazipigia mistari myekundu. Ilipotimu saa kumi alisimama, akaegemea meza kwa sababu ya nyonga, na mtu wa nyumba mpya akafungua kinywa amuulize kama yuko sawa, kisha akakifunga.

"Larkham, kumi na nne. Tizard, kumi na nne. Padri, kumi na tatu, maana bundi umemwandika kwenye kiti kisicho chake, nami mara ya kwanza nilipitiwa. Nawe uliichungulia orodha vibaya. Wengine wote kumi na nne." Alivuta pumzi. "Bi Sood na binti yake, mahali pasipo na kitu wameandika hapana kitu, na palipobadilika wameandika walichokiona. Ishirini. Keki ni yao. Na makubaliano ni makubaliano, makosa yapo sita, kwa hiyo hii ndiyo karatasi yangu ya mwisho."

Wakampigia makofi. Walisimama kabisa, wengine wakapangusa macho, na makofi hayo ndiyo yaliyomuudhi kuliko yote, kwa sababu hata hapo hakutokea mmoja wa kumwambia amekosea. Bi Sood peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amebeba keki.

"Vina vizuri," alimwambia Thelma. "Ukaguzi mbaya."

"Najua," alisema Thelma.

Jumanne asubuhi aliamka na hasira ile ile, ikiwa imelala naye na kupumzika vizuri. Akachukua fimbo zake mbili na daftari, akatoka. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kuviona, hivyo vitu sita ambavyo havipo, kwa macho yake. Kama anaondolewa kwenye msako, basi aondoke akijua.

Aliliona shimo lenye maua. Aliwaona farasi wawili, wabaya, mmoja ana magoti ya mbuzi. Ilimchukua dakika hamsini kufika pale ambapo zamani alifika kwa dakika kumi, na njiani walimuuliza mara nne. Kwenye birika la farasi, kabla ya kilima cha kanisani, nyonga ilikataa. Hakukuwa na mjadala. Alikaa kwenye ukingo wa jiwe, akatazama kilima, na machozi yakamjia ya hasira tupu.

Kilichomchoma hapo hakikuwa nyonga. Alikuwa anafikiria jinsi alivyoijua Marlcombe alipokuwa mgeni, alipokuwa hana ila macho, akisoma kila jiwe kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwambia. Miaka hamsini alitaka awe kama wao. Na sasa amekuwa kama wao kabisa: anajua kila kitu na haoni chochote.

Desmond alikuja na mbwa wake. Alipomwona alisita, akatazama upande wa pili wa barabara, na Thelma akaona wazi kwamba anapima kama anaweza kupita bila kuonekana.

"Ukiniuliza kama niko sawa," alisema Thelma, "nitakupiga na fimbo hii."

"Sikuulizi." Desmond alisimama. Mbwa akaketi. "Ile kampuni walinipigia jana jioni," alisema. "Wamenitumia msako wao niujaribu kwenye simu. Tayari wameumaliza."

"Hongera zao."

"Swali la tano ni pampu."

Thelma aligeuka taratibu. "Wameipata wapi pampu?"

Masikio ya Desmond yalikuwa mekundu. "Waliomba orodha ya mambo ya kihistoria. Mwezi wa tano. Nikawapa ile ya kwenye droo."

"Orodha ya Pauline. Majibu yangu."

"Ndiyo iliyokuwepo."

Thelma alitaka kupiga kelele, akashindwa, akajikuta anacheka mpaka nyonga ikamuuma. Kampuni nzima. Simu inalia, unabonyeza saba. Desmond hakucheka. Alisema amewaambia basi, waache, hakuna msako wa simu. Na kamati imemtuma, yaani hawajakaa bado, lakini wakikaa watamtuma aje kumwomba Thelma aendelee.

"Kwa sababu mnanihurumia."

"Kwa sababu hakuna mwingine anayeweza vile vina."

"Na nani atatembea? Niangalie, Desmond. Nimeishia kwenye birika la farasi."

Desmond alifungua kinywa. Thelma alimwona akitafuta jambo la upole la kusema, kitu laini cha kufunika, akamwona akilikosa. "Ni kweli," alisema Desmond. "Hufiki juu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne mtu wa Marlcombe kumwambia kitu kama kilivyo. Kiliuma. Thelma akamnyooshea daftari na penseli.

"Nyumba za wajane, zile pale. Mabomba ya moshi mangapi?"

"Tisa," alisema Desmond, akiandika bila kuinua kichwa. "Mimi nimezaliwa—"

"Najua umezaliwa wapi. Ndiyo tatizo lako. Nenda ukahesabu."

"Thelma, zinaonekana hata kutoka hapa."

"Basi mbona hujaziangalia? Nenda, simama mbele yake, tumia kidole."

Alikwenda. Mbwa alibaki na Thelma. Kutoka kwenye birika alimwona mwenyekiti wa kamati amesimama katikati ya barabara, koti la sufu, mkono juu, akinyooshea kidole paa moja baada ya jingine kama mtoto wa darasa la kwanza. Alifika mwisho. Akasimama. Akarudi mwanzo akahesabu tena. Gari lilikuja likampigia honi, naye akalipungia mkono lipite bila kushusha macho.

Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Nane," alisema. "La mwisho limezibwa, pana vigae tu. Vigae vyenyewe vina kuvu, Thelma. Ni vya zamani. Huenda limezibwa kabla sijazaliwa." Alitazama tena kule juu. "Maisha yangu yote nasema tisa."

Thelma alichukua daftari, akafuta tisa, akaandika nane.

"Haya," alimwambia. "Sasa panda kanisani."